Gari kuwaka kwa kubustiwa si kupona

Mhariri,

Desemba ikifika, barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari yanayopanda Moshi kwa sikukuu. Yakishafika hulala uani siku tatu, nne, pembeni ya migomba ya Marangu, Machame au Rombo, na asubuhi ya kwenda kanisani ufunguo unazungushwa, kinachosikika ni tatatata. Anaitwa jirani mwenye gari, nyaya zinatafutwa, gari linawaka, watu wanamshukuru Mungu na safari inaendelea. Kesho yake ni yale yale. Kesho kutwa mwenye gari amekwisha kuuziwa betri mpya, ambayo nayo huenda isifike hata Pasaka.

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie jambo moja wenye magari na mafundi wenzangu wa Moshi na Arusha. Kubusti ni kuazima umeme wa gari lingine ili stata izunguke. Hakuna kilichotengenezwa. Kilichoimaliza betri bado kimo ndani ya gari, na kukijua hakuhitaji ubashiri. Kunahitaji mita ndogo ya umeme, ile yenye waya mwekundu na mweusi, na namba tatu: volti za betri ikiwa imepumzika, volti wakati stata inazunguka, na volti injini ikiwa inanguruma. Fundi asiyekuonyesha namba hizo anakisia kwa pesa yako.

Namba ya kwanza huchukuliwa asubuhi, gari likiwa limelala, kabla hujawasha chochote. Mita iwe kwenye DC 20, ncha zake ziguse vichwa vya risasi vya betri yenyewe, si vikamatio vya waya. Betri iliyojaa husoma 12.6 au juu kidogo. Ikisoma 12.4, robo imeondoka, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo; chini ya 11.8 ni tupu. Ukikuta 10.5 na haipandi hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, chumba kimoja kati ya sita kimepiga shoti, maana kila chumba hutoa volti 2.1. Hiyo haina dawa. Gari lililotoka kutembea hudanganya kwa kusoma juu, kwa hiyo washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime.

Namba ya pili: mtu apige stata, wewe uangalie mita. Isishuke chini ya 9.6. Betri inayosoma 12.5 ikiwa imepumzika halafu ikaporomoka hadi 8 stata inapozunguka imechoka ndani, hata kama taa na redio vinafanya kazi vizuri. Hapa ndipo wageni wa Desemba wanaposhangaa: "Dar ilikuwa inawaka kila siku!" Ilikuwa inawaka kwa sababu Dar oili ni nyepesi alfajiri na stata haihitaji nguvu nyingi. Joto la Dar ndilo linalokula sahani za betri taratibu. Baridi ya Marangu inatangaza msiba tu.

Na kama mita inabaki juu ya 12 wakati stata inagonga mara moja "ka!" na kunyamaza, iache betri. Umeme upo ila haufiki. Kwenye stata nyingi za Toyota kuna sahani mbili ndogo za kopa ndani ya solenoidi (swichi ya umeme ya stata) ambazo huliwa na cheche. Hubadilishwa zenyewe, na si lazima ununue stata nzima. Mlio wa tatatata wa haraka, pamoja na taa za dashibodi kufifia, ndiyo dalili ya betri tupu au kikamatio kilicholegea.

Kubusti kwenyewe nitakupitia haraka, maana wengi wanakujua nusu. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Sababu ya kukimbia betri ni kwamba waya wa mwisho hutoa cheche, na betri inayochaji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Gari linalotoa umeme liungurume dakika tano hadi kumi kabla ya kupiga stata. Nyaya ziwe nene kweli: milimita 16 za mraba za shaba kwa gari dogo la petroli, 25 kwa dizeli. Nyingi zinazouzwa zimejaa plastiki nje huku shaba ndani ni kama ya taa ya ukumbini; zikipata moto mkononi na stata haizunguki, kosa si la gari. Usitumie gari la haibridi kumbustia mwenzake.

Ila kwenye volti 24 lazima nisimame, kwa sababu mikoa hii miwili imejaa Fuso na Land Cruiser. Fuso ni volti 24. Kuunganisha Fuso na Toyota IST ya volti 12 eti "kidogo tu iwake" ni kuchoma kontroli boksi (kompyuta ya gari), redio, taa na altaneta (mashine inayochaji betri injini ikinguruma) kwa pamoja. Land Cruiser za dizeli zenye betri mbili ndizo zinazochanganya watu, hasa za utalii pale Arusha. Betri mbili peke yake hazikuambii kitu. Fuata waya unaoziunganisha: ukitoka chanya ya moja kwenda chanya ya nyingine, bado ni volti 12; ukitoka chanya ya moja kwenda hasi ya nyingine, hizo ni 24, na baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yako hivyo. Huna uhakika, weka mita kwanza.

Gari limewaka. Sasa namba ya tatu. Injini ikinguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.7. Washa taa kubwa, feni na kioo cha nyuma cha kuondoa ukungu, kisha kanyaga mafuta hadi mizunguko 1,500 au 2,000: isishuke chini ya 13.5. Ikisoma 12 na kitu, na kila dakika inapungua, altaneta haichaji na umebakiwa na safari fupi. Ikipita 15, regyuleta inayodhibiti chaji imekufa. Utaona betri inachemka, inanuka mayai viza, na taa zinaungua moja baada ya nyingine. Baadhi ya magari mapya hushusha chaji kwa makusudi betri ikishajaa, kwa hiyo hayo yapimwe taa zikiwa zimewaka.

Hapa naomba radhi nikipandisha sauti. Kuna mtindo gereji zetu wa kupima altaneta kwa kung'oa waya wa betri injini ikiwa inanguruma: "likizima, altaneta mbovu, lisipozima, nzima." Uachwe leo. Betri ndiyo inayomeza mitikisiko ya umeme wa altaneta. Ukiing'oa wakati altaneta inasukuma chaji kwa nguvu, na baada ya kubusti ndipo inaposukuma kwa nguvu kuliko wakati wote, umeme hukosa pa kwenda na kwa kufumba na kufumbua volti huweza kuruka hadi 40 na zaidi. Kinachoungua ni kontroli boksi, sensa, au daiodi (vigeuza umeme wa AC kuwa DC) za altaneta hiyo hiyo uliyokuwa unaipima. Tena kipimo chenyewe hakisemi kweli: altaneta yenye daiodi moja iliyokufa huweza kuendelea kuliungurumisha gari vizuri tu, huku haina uwezo wa kujaza betri. Njia hiyo ilitoka kwenye magari ya kabureta na dainamo.

Altaneta ikionekana haichaji, usiifungue kabla ya kuangalia vitu vitatu vya nje. Mkanda: ukipiga kelele asubuhi au unang'aa kama umepakwa mafuta, unateleza. Kwenye injini za 1NZ za IST na Vitz, mkanda mmoja unazungusha altaneta na pampu ya maji pia. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka ghafla ukiwa unapanda kwenda Marangu, simama ufungue boneti. Mkanda ukiwa umekatika, maji hayazunguki, na magari hayo mengi hayana mshale wa joto, yana taa tu. Ikigeuka nyekundu umeshachelewa.

Cha pili ni fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT, mara nyingi ya ampia 100 au 120, iliyofungwa kwa boliti kwenye boksi la fyuzi karibu na betri. Pima volti nyuma ya altaneta kwenye waya mnene, kisha pima kwenye betri. Ukisoma 14.3 nyuma ya altaneta na 12.2 kwenye betri, altaneta yako inafanya kazi yake, njiani pamekatika. Cha tatu ni soketi ndogo ya altaneta. Kwenye Toyota nyingi ina herufi S, IG na L. S iwe na volti za betri muda wote, hata gari likiwa limezimwa. IG iwe nazo ufunguo ukiwashwa. Ikikosa, tafuta fyuzi, ambayo kwenye Toyota nyingi za zamani ni ile ya GAUGE. L ndiyo ya taa ya betri ya dashibodi. Ukiwasha ufunguo kabla ya kupiga stata, taa hiyo lazima iwake. Isipowaka kabisa, usifurahi kwamba gari halina tatizo.

Daiodi hupimwa kwa kugeuza mita kwenda AC injini ikinguruma na taa zimewaka: ikizidi nusu volti, daiodi imekufa, na daiodi mbovu pia hunyonya betri usiku gari likiwa limelala. Angalizo: mita nyingine za bei ya chini husoma 25 au zaidi kwenye AC hata betri ikiwa imekaa tu. Ipime kwanza injini ikiwa imezimwa. Isiposoma sifuri, kwa kazi hii haifai.

Vikamatio vya betri. Fungua boneti kumi kwenye maegesho yoyote pale Kilombero ya Arusha au Mbuyuni ya Moshi, hutakosa msumari. Magari madogo ya Japani mengi huja na betri yenye vichwa vyembamba. Vikamatio vikishatanuliwa kwa betri ya vichwa vinene halafu ikarudishwa nyembamba, vinacheza, na anayefunga anachomeka msumari au kipande cha bati apate kukaza. Msumari unagusa mahali pawili tu. Taa zitawaka, kwa sababu taa zinahitaji ampia chache, lakini stata ya gari dogo inataka 100 hadi 200, na pale kwenye msumari panapata moto, panaota ule unga wa kijani na mweupe, na asubuhi moja gari linanyamaza kimya. Ukitikisa kikamatio linawaka, na mtu anasema betri. Dawa ni kikamatio cha saizi yake au pete ya risasi ya kuvisha kichwa cha betri. Unga usafishwe kwa maji ya moto yenye magadi, kisha pasuguliwe hadi risasi ing'ae.

Erthi nayo isisahaulike. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata: ikizidi volti 0.2, waya wa erthi umeoza au boliti ina kutu. Upande wa chanya, kutoka betri hadi stata, isizidi 0.5. Dakika mbili hizo huokoa stata nyingi zinazobadilishwa bure.

Namba zote tatu zikiwa nzuri na bado betri inakufa gari likilala, kuna kitu kinakunywa usiku. Zima kila kitu, chomoa ufunguo, bana kitasa cha boneti kwa bisibisi gari lijione limefungwa, hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, ondoa waya wa hasi wa betri na uiweke mita katikati yake. Subiri nusu saa kontroli boksi zilale. Kisizidi miliampia 50. Usipige stata wala kuwasha taa mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika. Hesabu yake ni nyepesi: betri ya ampia-saa 45 ikinyonywa miliampia 50 inapoteza kama ampia-saa 1.2 kwa siku, hiyo itavumilia wiki kadhaa. Ikinyonywa nusu ampia inapoteza 12 kwa siku. Siku ya pili iko nusu, siku ya nne imekwisha. Ndiyo sababu gari linalotembea kila siku Dar halionyeshi ugonjwa, ila likilala Rombo siku nne linakufa. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke, umempata. Washukiwa wa kwanza ni alamu na kifaa cha kufuatilia gari vilivyofungwa kwa kukwanyua waya wowote uliokuwa karibu, redio ya kubadilisha, na taa ya buti isiyozima. Kwa magari ya utalii ni friji na soketi za kuchajia simu: vinatakiwa viwe na betri yao, yenye rilei (swichi ya umeme) inayoitenga na betri ya stata injini ikizimwa.

Sasa injini. Gari likishabustiwa, mara nyingi taa ya injini huwaka na mashine ya kupimia ikatoa orodha ya makosa sita, saba: sensa hii, sensa ile, ABS, mawasiliano. Wengine huanza kuagiza sensa siku hiyo hiyo. Volti zikishuka hadi 8 wakati wa kupiga stata, kontroli boksi husoma upuuzi na kuandika upuuzi. Kodi za P0560 na P0562 ndizo za kutazama, zinasema volti si sawa au ziko chini. Andika makosa yote kwenye karatasi, yafute, chaji betri ijae, endesha siku moja au mbili, pima tena. Linalorudi ndilo la kutengeneza.

Sailensi (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) kupanda na kushuka, au gari kuzima ukiacha mafuta, baada ya betri kufa kabisa si ajabu. Throtoli, mlango wa hewa wa injini, ikiwa na masizi, kontroli boksi ilikuwa imejifunza kuifungua kidogo zaidi. Umeme ukikatika inasahau, inaanza na kipimo cha throtoli safi. Isafishe kwa dawa yake, usiisukume kwa bisibisi, kisha acha injini ipate moto ikinguruma bila mzigo kama dakika kumi, halafu na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Dirisha lililokataa kupanda lenyewe hadi juu hurudi ukivuta swichi na kuishikilia sekunde chache baada ya kioo kufunga. Redio ya Japani inayoandika ERC inadai namba ya siri, hiyo haijaungua.

Stata ikizunguka kwa nguvu lakini gari haliwaki, acha kubusti, betri haihusiki. Sikiliza pampu ya mafuta ikivuma ukiwasha ufunguo (kwenye baadhi ya magari huvuma stata ikizunguka tu), angalia taa ya imobilaiza, ile kinga ya wizi, angalia fyuzi ya EFI, kisha moto wa plagi. Likiwa linamisi baada ya kuwaka na chaji ni 12 tu, rekebisha chaji kwanza. Koili na nozeli zinazopewa umeme kidogo hufanya kazi ovyo hata zikiwa mpya. Na likizima mara tu nyaya zinapoondolewa, altaneta haichaji kabisa au betri imepiga shoti ndani, na mita itakuambia ni ipi.

Waliogeuza nyaya, nyekundu kwenye hasi, hata kwa sekunde moja: zima yote, chomoa, usijaribu tena. Kagua fyuzi ya ALT, ya EFI na nyingine zote kubwa, kisha daiodi za altaneta kwa kipimo cha AC nilichokieleza. Fyuzi ikikatika umebahatika, imekufa badala ya kontroli boksi. Usiiunganishe kwa waya.

Betri iliyokufa isiachiwe altaneta ijaze. Dakika ishirini za kuzunguka mjini hazijazi betri tupu, na altaneta hupata moto kwa kazi isiyo yake. Ya ampia-saa 45 inataka chaja ya ampia 4 hadi 5 kwa muda wa saa kumi na moja hivi. Ile yenye vifuniko huongezwa maji ya betri (distilled water), kama sentimita moja juu ya sahani, kamwe si asidi, wala maji ya bomba. Ya Arusha yana madini mengi.

Ukilazimika kununua mpya, pima ile ile utakayoondoka nayo, pale pale dukani. Betri inayokaa kwenye rafu hujipunguza yenyewe, na sahani zake huganda chumvi. Ikisoma chini ya 12.4, irudishe, omba nyingine.

Fundi umeme wa magari,
Moshi